Mkato Unaona Kila Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka na wiki ndiyo kwanza inaanza. Saa saba mchana. Naandika nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya ofisi, maana jioni nikifika nyumbani mwili unakataa hata kushika kalamu.

Mkate na chai. Mkate kanifungia Baba asubuhi, kwa karatasi na kamba, mafundo mawili. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa stoo. Yeye kastaafu, kamba zake bado.

Bwana Kikao ametutangazia habari njema. (Ni mkuu wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata balbu ikiungua anaita kikao.) Mwezi ujao nisimame mbele ya watengeneza programu wa ofisi nyingine niwaeleze Mkato. Wanauulizia, anasema. Wanautaka. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikawaza viatu nitakavyovaa na jinsi vitakavyoniumiza.

Nitawaambia nini? Nijaribu hapa. Programu yetu ni vipande vidogo vidogo, kila kipande na faili yake. Tunaviita moduli. Ukitaka kujaribu kimoja lazima uviite na vingine, na zamani kuita ilikuwa kuandika anwani ndefu, folda ndani ya folda ndani ya folda. Herufi moja ikipotea, asubuhi yote imekwenda. Halafu kabla ya kutuma toleo jipya kwa wateja ilibidi ufunge kifurushi kizima, ukifungue kwenye kompyuta tupu, ndipo uendeshe testi. Dakika arobaini! Na ukikosea unaanza upya. Basi nikaandika Mkato. Mstari mmoja tu juu ya faili ya testi. Unataja jina la moduli, Mkato unaitafuta popote ilipo, unakuletea. Dakika mbili umemaliza.

Ndiyo hivyo. Kazi ya maana niliyofanya maishani ni kuwapunguzia watu dakika thelathini na nane. Nilipewa kibao cha mbao chenye jina langu. Kiko juu ya kabati kinakusanya vumbi.

Jirani kanipongeza kwa kunimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Namwita Jirani kwa sababu meza zetu zinagusana. Alikuwa mwalimu wa hesabu miaka kumi na miwili, akaacha chaki, akajifunza kazi hii ukubwani, akaja kwetu Aprili mwaka jana. Haongei sana. Anaandika kila kitu kwenye daftari la mistari. Nampenda, ingawa sijawahi kumwambia.


Jumanne, 4 Machi

Balaa. Sijala.

Niliingia nimechelewa, nikakuta wamesimama wote. Muuguzi wa wodi ya watoto, katika hospitali moja inayotumia programu yetu, amepiga simu. Bwana Kikao ndiye aliyeongea naye. Zipo hospitali na zahanati kumi na nane zinazoitumia kuhesabu dozi: unaingiza uzito wa mgonjwa na jina la dawa, inakupa kiasi. Muuguzi anasema kwa vichanga inatoa kiasi kikubwa kuliko inavyotakiwa. Mwenzake aliyehamia wodini juzi kalinganisha na kitabu chake na kushtuka. Si kikubwa sana, kasema Bwana Kikao. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, kwa kichanga hakuna cha "si sana".

Jirani akafungua kifurushi cha toleo la kumi na nne, kile chenyewe kilichotumwa, akachungulia ndani. Moduli ya watoto haimo! Haimo kabisa. Haikuandikwa kwenye orodha ya kufungashia. Na programu yetu isipoiona hailalamiki. Inachukua jedwali la watu wazima na kuendelea na shughuli zake. Jedwali lile linapandisha uzito hadi kilo kamili. Kichanga cha kilo tatu na gramu mia mbili kinapewa dozi ya kilo nne.

Nilikaa.

Bwana Kikao leo nimsifu, hakupoteza muda. Ndani ya saa moja hospitali zote zimepata taarifa: vichanga wahesabiwe kwa kalamu mpaka tutume toleo jipya, na madaftari ya dawa yapitiwe kuanzia Januari, toleo la kumi na nne lilipotoka. Ili kila mtoto aliyepewa kingi ajulikane, aitwe, apimwe. Sawa kabisa.

Ndipo akauliza toleo la kumi na nne alilifunga nani. Anajua. Sote tunajua. Jirani alikuwa anaangalia mikono yake.


Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuandika. Kikao asubuhi, kikao mchana, kikao cha kujadili vikao.

Leo ilikuwa ni fomu. Kwetu kuna fomu ya karatasi, imebandikwa ukutani karibu na mashine ya kuchapa. Kila toleo mstari mmoja. Anayelifunga anaendesha testi zote, zikiwa kijani anatia tiki na sahihi. Zikiwa nyekundu hakuna kutuma. Mstari wa kumi na nne una tiki, na sahihi ya Jirani, nzuri, ya ubaoni.

Bwana Kikao akaeleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Moduli ya watoto haimo. Ingekuwa testi zimeendeshwa, ya watoto ingekuwa nyekundu. Fomu inasema kijani. Basi testi hazikuendeshwa, na fomu ni ya uongo.

Jirani kasema aliziendesha. Zilikuwa kijani zote, mia nne na kumi na mbili.

Bwana Kikao akanigeukia mimi. Je, Mkato unaweza kukosea?

Nikasema, "Mkato unaona kila kitu."

Yalitoka tu mdomoni! Ni maneno niliyozoea, nayasema tangu siku ya kibao. Jirani aliinua macho akanitazama, si kwa hasira. Kama mtu aliyesahau swali.

Baadaye nimemkuta kwenye birika. Kaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameanza kujitilia shaka. Huenda alisaini kwa mazoea. Huenda alikuwa mgonjwa siku ile, hakumbuki. Ameambiwa aandike barua ya maelezo, na kikao cha nidhamu ni Jumatano saa nne. Wote tunajua mwisho wa vikao hivyo. Miaka yake arobaini, kazi mpya, atatoka hapa na karatasi inayosema ni mwongo, na uongo wenyewe ni juu ya dawa za watoto. Nani atampokea? Hata shuleni hawatamrudisha.

Nikamwambia asijali. Neno gani hilo! Asijali.

Halafu kuna kitu kimeniganda tangu saa nane. Wiki yake ya kwanza hapa aliniuliza kwa nini hatujaribu kile kile tunachotuma. Kifurushi chenyewe, kikiwa kimefungwa. Nikacheka. Nikamwambia, Mwalimu, hapa si darasani. Wenzangu nao wakacheka.


Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya jambo dogo sana. Natamani nisingelifanya.

Wakati wenzangu wameenda kula nimetoa kompyuta ya zamani kwenye kabati la vifaa, nikaifuta vumbi, nikaifuta na ndani, ikawa tupu. Nikaweka kifurushi cha kumi na nne. Nikaendesha testi kwa njia ya kizamani, bila Mkato. Dakika arobaini. Nilikuwa nimesahau jinsi zilivyo ndefu! Nimekula biskuti saba.

Nyekundu. Testi zote za watoto, ishirini na tisa, nyekundu tupu.

Nikarudi mezani kwangu. Kifurushi kile kile. Testi zile zile. Mkato juu.

Kijani. Mia nne na kumi na mbili. Dakika mbili.

Nilijua kabla sijafungua kuangalia, lakini nikafungua. Mkato wangu hauendi kwenye kifurushi. Haujawahi kwenda. Ukitajiwa moduli ya watoto unaitafuta popote ilipo, na mahali pa kwanza inapopatikana ni kwenye folda zetu za kazi, hapa hapa mezani, ambako ipo, nzima, nzuri, haina kasoro. Unaijaribu hiyo. Unasema kijani. Kifurushi kiko pembeni na pengo lake, hakuna aliyekiuliza.

Mimi ndiye niliyeandika ule mstari. Popote ilipo. Nilijisifu nao!

Jirani hakudanganya. Aliendesha, akaona kijani, akasaini. Angeendesha mara mia angeona kijani mara mia.

Wenzangu wakarudi wananukia chakula. Nikarudisha kompyuta kabatini. Sikusema kitu. Nilijiambia nitasema nikishapata uhakika. Uhakika gani tena?


Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Baba alikuwa anatengeneza mlango wa kabati la jikoni uliolegea. Mdomoni ana skrubu mbili. Akaniuliza mbona nimekunja uso tangu Alhamisi, au nimekuwa mpangaji humu ndani. Nikamwambia ni kazi. Akasema kazi ipi, kwani ile ya kukaa kwenye kiti nayo inachosha? Ananichokoza. Kwa kawaida namjibu. Leo nikamweleza yote.

Baba hajui moduli ni nini. Alitoa skrubu mdomoni, akaziweka mezani sambamba.

"Kwa hiyo mlihesabu mzigo ulioko stoo."

"Ndiyo, Baba."

"Na lori likaondoka bila huo mzigo."

"Ndiyo."

"Na karatasi inasema umo kwenye lori."

"Ndiyo, Baba."

"Nani kasaini?"

"Jirani yangu. Yule mwalimu."

"Yeye aliangalia stoo au aliangalia lori?"

Nikamwambia alionyeshwa stoo akaambiwa hilo ndilo lori.

"Na aliyemwonyesha ni nani?"

Nikaenda kuangalia birika. Birika halikuwa hata kwenye moto. Nilimsikia anageuza skrubu, polepole, robo kwa robo, mpaka ikakaza.


Jumapili, 9 Machi

Nimefua. Mashuka yote, na yaliyokuwa safi.


Jumatatu, 10 Machi

Nitajisema bila kupaka rangi: asubuhi niliingia ofisini nikiwa na tumaini baya. Nilitumaini pengo limeanzia kwa Jirani. Mkato haukuliona, sawa, hapo kosa ni langu. Ila aliyeiacha moduli nje ya orodha awe ni yeye. Tugawane. Nusu yake, nusu yangu. Mtu akichoka hata dhambi anataka kupunguziwa.

Matoleo yote ya zamani yako kwenye seva. Nikaanza kurudi nyuma. Sikuhitaji testi tena, nafungua tu kifurushi na kuchungulia. La kumi na nne, haimo. La kumi na tatu, haimo. La kumi na mbili. La kumi na moja. La kumi. Hapo Jirani hakuwa hata ameajiriwa, alikuwa bado yuko ubaoni anafundisha sehemu. La tisa, la nane, la saba.

La sita. Haimo.

La tano. Imo.

Nikaenda ukutani. Fomu za zamani ziko chini ya mpya, zimebanwa kwa pini. Nikafunua. Mstari wa sita: Agosti, mwaka juzi. Tiki. Sahihi ni yangu.

Nakumbuka wiki ile. Ndiyo wiki tuliyoanza kutumia Mkato. Nilipanga upya folda zote ili Mkato uzitafute vizuri, nikaandika upya orodha ya kufungashia, nikasahau mstari mmoja. Nikaendesha testi. Kijani. Makofi. Kibao. Waliofuata wote walinakili orodha yangu kama ilivyo, Jirani akiwa wa mwisho. Hakuna nusu kwa nusu.

Miezi kumi na tisa! Na taarifa tuliyotuma inasema Januari. Hospitali kumi na nane zinapitia madaftari ya miezi miwili na kufunga. Watoto wa miezi mingine yote hakuna anayewatafuta.

Nimekwenda kwa Bwana Kikao saa sita. Nilimweleza nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango, ambao kwa kawaida huuacha wazi ili tuone anafanya kazi. Kwa ufupi kasema: nitulie. Taarifa ilishatoka. Tukituma ya pili inayosema ya kwanza ilikosea, nani atatuamini kwa lolote? Toleo jipya linakuja, mambo yatajirekebisha. Watoto wa mwaka juzi sasa wanatembea. Na mwezi ujao nina mkutano wa Mkato, nisijichafue. Jirani naye ameshaandika barua ya kukiri.

"Amekiri nini?" nikauliza.

"Kwamba huenda hakuendesha testi."

Huenda! Mwalimu wa hesabu, kaandika huenda kwa sababu yangu.

Nikasema nitafikiri. Akaniambia ndiyo sababu ananipenda, nina busara. Nimetoka pale nikiwa na hamu ya kunawa.


Jumanne, 11 Machi



Saa tatu simu ya mezani imelia. Wengine wote walikuwa kwenye kikao, nikapokea mimi. Ni yule muuguzi. Sauti ya mtu mzima, haina haraka, nyuma yake mtoto analia na mwingine anaitikia. Kasema yeye ni sista wa wodi ya watoto. Wameshapitia madaftari kuanzia Januari, wamepata watoto kumi na mmoja, wanawaita mmoja mmoja. Hadi sasa waliofika wako salama. Anachotaka kujua ni kimoja: tuna hakika ni Januari?

Nikauliza kwa nini anauliza.

Naandika alivyosema, sitaki kuyasahau hata nikitaka.

"Kwa sababu mimi mwaka juzi nilipiga simu huko kwenu, dada. Ilikuwa kama Oktoba. Kichwa changu kilikuwa kinasema namba moja, mashine inasema nyingine. Akapokea dada mmoja, ana heshima zake. Akaniambia subiri, nijaribu hapa. Hata dakika tatu hazikufika. Akasema kwetu kila kitu kijani, sista, angalieni mzani wenu."

Nilimsikia anambembeleza mtu, nyamaza mama, nyamaza.

"Tukabadilisha mzani," akasema. "Mpya ukaja, namba zikawa zile zile. Nikasema basi, nimezeeka, tatizo ni mimi. Nikaanza kuwahesabu vichanga wangu kwa kalamu, ila nikaona aibu kumwambia mtu. Zamu yangu tu. Zamu nyingine walitumia mashine."

Ni mimi. Dada mwenye heshima zake ni mimi. Nakumbuka hata biskuti niliyokuwa natafuna. Nilimwacha kwenye simu, nikaendesha testi kwa Mkato, dakika mbili, nikafurahi kwamba ni haraka hivi. Nilijisikia fundi hodari. Nikamtuma mwanamke mwenye macho mazuri kuliko yangu akanunue mzani.

Na leo nilimwambia nini? Nilimwambia nitamrudishia simu. Akasema haya, dada, nasubiri, na kweli alisema kwa upole, ndicho kilichonimaliza. Nikaenda chooni nikalia. Si kidogo.

Mchana nimemwita Jirani hapa kwenye ngazi. Nimemwambia yote. Kompyuta tupu, Mkato, toleo la sita, sahihi, Bwana Kikao, mzani. Nilidhani atalia au atanikumbatia, mimi na ujinga wangu. Aliibana chupa ya chai katikati ya magoti.

"Ulijua lini kwamba niliendesha?"

"Ijumaa."

Akahesabu kwa vidole, kama mbele ya darasa. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu.

"Jumapili niliandika ile barua," akasema. "Nilimpa mwanangu aisome kuangalia makosa. Akaniuliza, mama, ni kweli hukufanya kazi yako? Nikamwambia sijui."

Nikasema samahani. Akafunga kifuniko cha chupa. Leo hakunimiminia.

Akiwa mlangoni akageuka. Kasema barua yake anaweza kuiondoa, hilo si kubwa. Lakini yule sista bado anasubiri simu.


Jumatano, 12 Machi

Saa tatu na dakika ishirini. Kikao ni saa nne. Nimekuja mapema, nikafanya mambo mawili. Nimefuta ule mstari wa Mkato kwenye testi zote. Ofisi nzima wakifungua leo watakuta nyekundu, watanitukana, na watukane. Pili nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja, yana toleo la sita, yana Agosti, yana jina langu. Nimechapa nakala tatu. Moja iko mezani kwa Bwana Kikao. Moja kwa Jirani. Hakuisoma mbele yangu, aliikunja akaiweka ndani ya daftari. Ya tatu ninayo mimi.

Baba asubuhi kanifungia mkate mafundo matatu.

Sasa simu.

Inaita.

Saa tatu na nusu. Nimemwambia. Sikuanza na pole wala habari za asubuhi, ningekimbia. Nimesema, "Sista, yule dada wa mzani ni mimi." Nikasema mzani wenu haukuwa na kosa, na wewe hukuwa na kosa, kichwa chako kilikuwa sawa tangu siku ile. Nikasema si Januari. Ni Agosti mwaka juzi.

Hata watoto wa kule kama walinyamaza.

Kisha kasema, "Usikate simu."

Sijakata. Naandika kwa mkono wa kulia, simu begani, shingo inauma. Nasikia viatu vyake vinakwenda. Kabati la chuma linafunguliwa. Anamwita mtu, alete madaftari yote, na yale ya juu kabisa, alete ngazi. Kitu kizito kimetua mezani. Kingine. Kingine.

Saa tatu na dakika arobaini na tano. Bwana Kikao ameingia. Ameona karatasi mezani kwake. Anasoma amesimama, koti mkono mmoja.

Sista amerudi kwenye simu. Sauti si ya upole tena, ni ya mtu aliye kazini. Anasema bado hajui toleo jipya linakuja lini, mashine haiamini tena, wauguzi wako wawili kwenye zamu. Anataka tuwahesabu sasa hivi, yeye na mimi. Yeye anasoma uzito na dawa na alichopewa, mimi nahesabu alichostahili, nampa tofauti. Wenye tofauti kubwa anawaita leo.

"Una kalamu, dada?"

"Ninayo."

"Agosti, tarehe kumi na tisa."

Sina karatasi nyingine karibu. Naandika humu humu.

Kilo 3.2.

Kilo 2.9.

Kilo 4.1. Huyu kapewa ya kilo tano, siku sita mfululizo.

Bwana Kikao anagonga kioo cha ofisi yake kwa pete. Ananionyesha saa yake. Ananionyesha simu, anapitisha kidole shingoni, nikate.

Kilo 3.6.

Kilo 2.4. Sista anasema huyu anamkumbuka.

Jirani amevuta kiti. Hajaniangalia. Amefungua daftari lake la mistari ukurasa mpya, amechora safu nne kwa rula, ameichukua simu begani kwangu na kuibonyeza iwe spika. "Rudia huyo wa mwisho, sista," kasema. "Polepole."

Kilo 2.4.